JE, WAKO WENYE AKILI KATIKA NYOTA?

Maneno ya mazungumzo kwa watu wa Kitengela na Kajiado



Tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, ambayo imepakana na Kajiado. Upana wake ulikuwa kama meta mbili na nusu, na uzito wake ulikadiriwa kuwa kilo 500. Haikumwumiza mtu. Kitu kama hicho kiangukapo karibu na nyumba za watu, swali la kwanza huwa ni lile lile: kimetoka wapi, na ni nani aliyekituma? Shirika la Anga la Kenya lilikwenda kukitazama, kisha likaeleza kwamba, kwa uchunguzi wa kwanza, ilikuwa ni pete itumikayo kutenganisha sehemu za roketi baada ya kuruka. Basi kitu kilichotoka juu kilikuwa kimetengenezwa hapa chini, na mikono ya watu.

Lakini swali la kwamba huko juu kuna nani ni la zamani kuliko roketi. Wazee wa Kimaasai husimulia kwamba Enkai aliwateremsha ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi, kisha ukanda huo ukakatwa, na tangu hapo njia iliyokuwa kati ya mbingu na nchi ikafungwa. Wakulima na mabaharia wa pwani nao walijifunza kuitazama kilimia ili wajue majira. Siku hizi swali huulizwa kwa namna nyingine: je, katika nyota zile zote, wako viumbe wenye akili, wawezao kufikiri, kunena na kujenga kama wafanyavyo wanadamu?

Jibu fupi yafaa litolewe mapema, asije mtu akangoja ajabu ambayo haimo. Hadi leo haujapatikana ushahidi wowote wa uhai nje ya dunia, sembuse wa akili. Hata hivyo swali si la kipuuzi, wala si la kuachiwa wenye darubini peke yao. Laweza kugawanywa mara tatu. Kwanza, je, uhai waweza kukaa mahali pasipofanana na hapa? Pili, uhai ukiwapo, je, ni lazima uzae akili? Tatu, akili ikiwapo, itajulikanaje? Kwa bahati njema, katika Kaunti ya Kajiado pana mahali patatu panapofundisha jambo juu ya maswali hayo, kila mahali swali lake.

WINGI WA NYOTA

Mtu akisimama usiku katikati ya mji wa Kitengela, karibu na maduka na taa za barabara kuu ya Namanga, ataona nyota chache tu. Mwangaza wa Nairobi, wa Athi River na wa mji wenyewe huzifunika. Akisafiri kusini, akapita Isinya na kuelekea Kajiado, mbingu hufunguka kidogo kidogo, mpaka ule mkanda mweupe wa nyota uonekane wazi. Usiku usio na mwezi wala mawingu, macho ya mtu huweza kutambua nyota kama 2,000 au 3,000 kwa wakati mmoja.

Hizo ni chache mno. Kundi la nyota ambalo jua ni mojawapo lina nyota zisizopungua milioni 100,000. Mwanga hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Lakini kulivuka kundi hilo kutoka upande mmoja hadi wa pili huchukua kama miaka 100,000.

Kwa muda mrefu haikujulikana kama nyota hizo zina sayari zinazozizunguka, kama dunia inavyolizunguka jua. Katika mwaka wa 1995 wataalamu wawili wa Uswisi, Michel Mayor na Didier Queloz, walitangaza kwamba wamegundua sayari inayoizunguka nyota ifananayo na jua. Kwa kazi hiyo walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka wa 2019. Kufikia mwaka wa 2025 hesabu ya sayari za namna hiyo zilizothibitishwa ilikuwa imepita 6,000. Baadhi yake zaaminiwa kuwa ni za mawe kama dunia, na chache ziko mbali na nyota zao kwa kadiri ambayo maji yaweza kukaa bila kuganda wala kuchemka yakaisha.

Basi mahali si haba. Lakini nyumba nyingi si ushahidi wa wenyeji wengi. Ndiyo sababu yafaa kurudi chini na kutazama uhai wenyewe ulivyo.

MAJI YA MAGADI

Kila mpishi ajua magadi. Hutiwa kidogo katika maharagwe yapate kuiva upesi, na katika mboga ngumu zilainike. Akizidisha, chakula chaharibika. Katika Ziwa Magadi, chini kabisa katika Bonde la Ufa upande wa kusini-magharibi wa Kajiado, magadi si kidogo. Wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya ziwa hugeuka kuwa ukoko mgumu, na mahali pengine unene wa magadi yaliyolala hapo hufika meta 40. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka wa 1911. Pembeni mwa ziwa zimo chemchemi za moto, nyingine zikiwa na joto la zaidi ya digrii 80. Katika kipimo ambacho maji safi hupata 7, maji ya ziwa hilo hupata kama 10.

Mgeni akiyatazama maji hayo angesema kwamba hapana kiumbe awezaye kuishi ndani yake. Lakini ule wekundu uonekanao juu ya ukoko ni uhai wenyewe. Ni wekundu wa vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo havivumilii magadi na chumvi tu, bali vyavihitaji vitu hivyo. Vikitiwa katika maji matamu hupasuka na kufa. Aina moja ya vijidudu hivyo ilielezwa na wataalamu mwaka wa 1984, na mpaka leo inachukua jina la ziwa lenyewe: Natrialba magadii.

Tena yumo samaki. Ni perege mdogo aitwaye Alcolapia grahami, akaaye katika vijito na vidimbwi vya pembeni, ambamo maji yaweza kuzidi digrii 40. Samaki walio wengi hutoa uchafu wa miili yao kwa njia ya amonia, ipitayo katika matamvua na kuingia majini. Katika maji makali kama ya Magadi amonia haitoki kwa urahisi, na ikibaki mwilini huua. Samaki huyo huigeuza kuwa urea, kitu kile kile kilichomo katika mkojo wa ng'ombe na wa mtu, kisha huitoa bila madhara. Jambo hilo lilitangazwa mwaka wa 1989. Samaki mdogo wa Kajiado amepata njia ambayo wenzake wengi hawanayo.

Msikilizaji aweza kuuliza: perege wa Magadi wahusianaje na nyota? Wahusiana hivi. Sayari ya Zohali ina mwezi mdogo uitwao Enceladus, ambao upana wake ni kama kilometa 500, nao umefunikwa na barafu pande zote. Mwaka wa 2005 chombo kiitwacho Cassini, kilichokuwa kikiizunguka Zohali, kiliona mvuke na chembe za barafu zikiruka kutoka katika nyufa za upande wa kusini wa mwezi huo. Chembe hizo zilipopimwa, zilionekana kuwa na chumvi ya kawaida na magadi. Mwaka wa 2023 ikatangazwa kwamba zina fosfeti pia, kitu ambacho viumbe vyote hai vijulikanavyo hukihitaji. Kwa maneno mengine, chini ya barafu ya Enceladus kuna bahari, na bahari hiyo ni ya magadi.

Hakuna aliyeona uhai huko. Chumvi na magadi si uhai, kama vile sufuria na moto si chakula. Lakini mtu aliyefika Magadi hawezi tena kusema kwamba bahari ya namna hiyo ni kali mno. Kwa swali la kwanza, basi, jibu la haki ni hili: uhai ukisha kuanza, waweza kukaa mahali pengi pasipotazamiwa.

MAWE YA OLORGESAILIE

Katika njia hiyo hiyo ya kwenda Magadi, kama kilometa 70 kutoka Nairobi, pana mahali paitwapo Olorgesailie. Mwaka wa 1942 Mary Leakey na mumewe Louis walikuta huko mashoka ya mawe mengi mno, yametapakaa juu ya ardhi kama mavuno yaliyoachwa shambani. Mengi yameachwa pale pale yalipolala, na mgeni aweza kupita juu ya daraja la mbao akayatazama.

Mashoka hayo hayakutengenezwa na watu wa namna ya leo, bali na viumbe waliotangulia. Ya zamani yana umri wa kama miaka 1,200,000, na ya mwisho kama miaka 500,000. Hapana shaka kwamba ilikuwapo akili: jiwe lilichaguliwa, likapigwa upande huu na upande huu, likapata makali na ncha. Lakini la kushangaza ni kwamba katika muda huo wa miaka 700,000 namna ya kulitengeneza shoka haikubadilika sana. Mkubwa alimwonyesha mdogo, mdogo akawa mkubwa akamwonyesha mwingine, na zaidi ya vizazi 20,000 vikapita na shoka ni lile lile.

Baadaye mambo yalibadilika. Mwaka wa 2018 wataalamu wa Smithsonian ya Washington na wenzao wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakiongozwa na Richard Potts, walitangaza kwamba kufikia miaka 320,000 iliyopita wakazi wa Olorgesailie walikuwa wameyaacha mashoka yale makubwa. Walitumia vifaa vidogo vyenye ncha, walisaga mawe ya rangi, na walitumia jiwe jeusi la volkano ling'aalo kama kioo, ambalo halipatikani karibu. Lilitoka mwendo wa kilometa 25 hadi 50, na mara nyingine mbali zaidi. Huenda jiwe hilo lilipokewa kutoka kwa watu wengine kwa kubadilishana vitu. Wataalamu hao wanadhani kwamba watu walilazimika kubadilika kwa sababu nchi yenyewe ilibadilika: ardhi ilitetemeka na kupasuka, mvua na ukame vikawa havitabiriki, na wanyama wakubwa wa zamani wakatoweka.

Yafaa kulipima jambo hili kwa wakati wa dunia nzima. Dunia ina umri wa kama miaka milioni 4,500. Alama za uhai zilizomo katika mawe zafika miaka milioni 3,500 iliyopita, na kwa sehemu kubwa ya muda huo viumbe vilikuwa vidogo visivyoonekana kwa macho, kama vile vya Magadi. Ishara ya redio ilivushwa bahari ya Atlantiki kwa mara ya kwanza mwaka wa 1901. Kama muda wote wa uhai ungefanywa kuwa siku moja, tangu usiku wa manane hadi usiku wa manane, wakati wa redio usingefika hata sehemu ya mia ya sekunde ya mwisho.

Hilo ndilo fundisho la Olorgesailie. Uhai ulikuja mapema. Akili ya kutengeneza ilichelewa. Na akili iwezayo kupeleka sauti katika nyota imechelewa kuliko zote. Hakuna sheria ijulikanayo isemayo kwamba vijidudu vya Magadi ni lazima siku moja viwe mafundi, wala kwamba fundi wa shoka ni lazima awe na redio. Kwa hiyo huenda mbinguni pana mahali pengi penye uhai na pachache mno penye mtu wa kuzungumza naye. Wako wataalamu wasemao kwamba pachache hapo ni pamoja tu, yaani hapa. Wengine husema kwamba nyota ni nyingi mno hata jambo adimu hutokea mara nyingi. Kila upande una hoja yake, lakini hakuna hata upande mmoja ulio na mfano wa pili wa kuonyesha.

NDOVU WA AMBOSELI

Swali la tatu ni gumu zaidi: akili nyingine ikiwapo, itajulikanaje? Watu wengi hudhani kwamba wenye akili wakikutana watafahamiana, kama wafanyabiashara wawili wa lugha mbalimbali wanavyofahamiana sokoni kwa vidole. Amboseli yaonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo.

Kusini mwa Kajiado, mbele ya Mlima Kilimanjaro, ndovu wa Amboseli wamechunguzwa tangu mwaka wa 1972, katika kazi iliyoanzishwa na Cynthia Moss. Kila ndovu ajulikana kwa sura, kwa masikio, kwa mama yake na kwa ukoo wake. Ndovu huitana kwa sauti nzito za kunguruma, na sehemu ya sauti hizo ni nzito hata sikio la mtu haliwezi kuisikia.

Mwaka wa 2014 Karen McComb na wenzake walitangaza habari ya jaribio lililofanywa huko. Ndovu walisikilizishwa, kwa kipaza sauti kilichofichwa, maneno yaliyosemwa na wanaume wa Kimaasai na wanaume wa Kikamba. Maana ya maneno ilikuwa moja. Lugha na wasemaji ndivyo vilivyotofautiana. Waliposikia sauti za wanaume wa Kimaasai, ambao tangu zamani mara nyingine hupambana na ndovu kwa mikuki, walikusanyika pamoja na kujitenga zaidi kuliko waliposikia sauti za Wakamba. Tena sauti za wanawake na za wavulana wa Kimaasai hazikuwatia hofu kama zile za wanaume. Yaani ndovu walikuwa wamejifunza kupambanua lugha za watu, na kupambanua mwanamume na mwanamke, mkubwa na mdogo, kwa sauti tu.

Je, watu nao walikuwa wamejifunza nini juu ya lugha ya ndovu? Jibu lilitolewa miaka kumi baadaye. Mwezi wa Juni 2024 Michael Pardo na wenzake walitangaza matokeo ya kuchunguza sauti 469 za ndovu wa Amboseli na wa Samburu, zilizonaswa kati ya mwaka wa 1986 na 2022. Walitumia mashine za hesabu kutafuta kama katika mngurumo kuna alama ya yule anayeitwa. Kisha ndovu 17 walisikilizishwa miito, mmoja uliokuwa wake na mwingine uliokuwa wa mwenziwe. Kwa jumla, ndovu aliposikia mwito wake alijibu au kusogea upesi zaidi. Yaonekana, basi, kwamba ndovu huitana kwa kitu kifananacho na jina.

Fundisho hapa ni zito. Watu na ndovu wamekaa katika nchi moja tangu zamani za kale, wakinywa maji ya chemchemi moja na kupumua hewa moja. Wote hunyonyesha watoto, wote huwaomboleza wafu wao kwa namna zao. Hata hivyo ilihitajiwa miaka mingi ya kunasa sauti, na mashine, ili watu waanze tu kudhani kwamba jirani huyo ana jina. Kiumbe wa sayari nyingine hatakuwa na chemchemi moja na watu, wala hewa moja, wala mama afananaye na mama wa hapa. Ujumbe wake waweza kupita mbele ya watu wenye elimu nyingi, wasiutambue kuwa ni ujumbe.

KUSIKILIZA MBINGU

Hata hivyo watu wamejaribu. Mwaka wa 1960 Frank Drake, mtaalamu wa Marekani, alikielekeza chombo kikubwa cha kupokea mawimbi ya redio, huko Green Bank, kwenye nyota mbili zilizo karibu, Tau Ceti na Epsilon Eridani. Hakusikia chochote. Mwaka wa 1967 Jocelyn Bell, aliyekuwa mwanafunzi huko Cambridge, aliona mapigo ya redio yakirudi kwa utaratibu kila baada ya sekunde moja na kitu. Kwa mzaha ishara hiyo ikapewa jina la watu wadogo wa kijani. Lakini haikutoka kwa mtu yeyote. Ilitoka kwa nyota ya namna isiyojulikana mpaka hapo, izungukayo upesi kama pia. Mwaka wa 1977 chombo cha Ohio kilinasa ishara kali ya sekunde 72, nayo haikusikiwa tena. Siku hizi kazi hiyo hufanywa hata barani Afrika: vyombo 64 vya MeerKAT, vilivyozinduliwa Afrika Kusini mwaka wa 2018, vimetumiwa pia kutafuta ishara za namna hiyo.

Watu nao wamepeleka salamu. Vyombo viwili vya Voyager viliondoka duniani mwaka wa 1977, kila kimoja kikichukua sahani ya dhahabu yenye salamu katika lugha 55. Kiganda kimo, Kiswahili hakimo. Voyager 1 imekwisha kwenda zaidi ya kilometa milioni 24,000, nayo hukimbia kama kilometa 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, umbali wa Proxima Centauri, nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya jua, ungechukua zaidi ya miaka 70,000.

Mwaka wa 1950 mtaalamu mmoja mashuhuri, Enrico Fermi, aliwauliza wenzake wakati wa chakula cha mchana: wako wapi? Maana kama wenye akili ni wengi, na nyota nyingine ni za zamani kuliko jua, mbona hakuna aliyefika? Swali hilo halijapata jibu. Lakini kabla ya kusema kwamba kimya ni dalili ya utupu, yafaa kufikiri juu ya masafa na wakati. Wachungaji wawili wakiwa pande mbili za mbuga ya Kapiti, kila mmoja akawasha kiberiti kimoja tu katika usiku mzima, hapana ajabu wasipoonana. Kila mmoja atakwenda nyumbani akisema kwamba mbugani hapakuwa na mtu. Watu wa dunia wamewasha kiberiti chao mwaka wa 1901 tu, na haijulikani kitawaka kwa muda gani.

LIFAALO KUFANYWA

Kutokana na haya mambo matatu yaweza kufanywa na mtu yeyote wa Kitengela au Kajiado, wala si lazima awe na darubini.

La kwanza ni kupima uvumi. Mtu akiletewa habari ya wageni waliotoka angani, na aulize: nani aliyeona kwa macho yake, kitu chenyewe kiko wapi, na je, kimechunguzwa na mtu asiyepata faida kwa habari hiyo? Pete ya Mukuku ilijulikana kwa kuulizwa maswali kama hayo. Jocelyn Bell na wenzake walijiuliza hayo hayo, wakapata nyota mpya badala ya kupata aibu.

La pili ni kuilinda giza ya usiku. Mji wa Kitengela umekua upesi, na kukua si kosa. Taa huzuia wezi na ajali. Lakini taa iliyofunikwa juu, imulikayo chini tu, huwaonyesha watu njia vile vile, na hupunguza mwanga upoteao angani. Mtoto asiyeiona mbingu hatauliza swali lake.

La tatu ndilo kubwa. Ikiwa akili ni jambo la kawaida katika nyota, ni aibu kwa watu kushindwa kuishi na akili iliyo karibu nao. Na ikiwa ni jambo adimu, hapo hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa kitu kikipotea hapa huenda hakipo kwingine kokote. Ndovu wa Amboseli huhitaji njia za kupita kati ya hifadhi na malisho ya watu, na wenye malisho huhitaji mavuno yao, mifugo yao na watoto wao wawe salama. Mambo hayo hukatwa katika mikutano ya wenye ardhi, kwa hesabu ya ua, maji na kodi, wala si katika vyuo vya elimu ya nyota. Lakini anayekaa katika mkutano wa namna hiyo yafaa ajue kwamba anaamua habari ya kiumbe mwenye jina.

Jioni za mwezi wa Juni, kutoka Kajiado, huonekana upande wa kusini nyota moja yenye kung'aa sana, jirani na Msalaba wa Kusini. Ni Alpha Centauri. Proxima, ambayo haionekani kwa macho, ni ndugu yake. Mwaka wa 2016 ilitangazwa kwamba Proxima ina sayari, na hakuna ajuaye kama sayari hiyo ina maji au ni jiwe kavu. Mwanga wa Alpha Centauri uonekanao jioni hiyo uliondoka huko miaka minne na kitu iliyopita, wakati mtoto aliye darasa la tano sasa alipokuwa ndiyo kwanza aingia shule. Mwalimu aweza kumtoa nje, akamwonyesha nyota hiyo kwa kidole, kisha akamwachia swali.